Angalia Rangi za Mchoraji

Katika ofisi ile ya kuchora ramani, jambo likisahauliwa halikai limesahauliwa. Si kwamba watu wake walikuwa na vichwa vikubwa. Vichwa vyao vilikuwa vya kawaida, na kimoja au viwili vilikuwa chini kidogo ya hapo. Sababu ilikuwa katibu muhtasi wao, mama wa miaka hamsini na tisa na miezi tisa, ambaye walimwita Bi Kengele nyuma ya mgongo wake mpaka siku alipowaambia, "Niiteni tu mbele yangu. Mgongo umechoka kusikia."

Bi Kengele alikuwa amekumbusha watu kwa miguu miaka ishirini na sita. Anainuka mezani kwake, anakwenda mpaka mlangoni kwa mtu, anasimama. Hasemi neno. Anakutazama tu kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo motoni, mpaka wewe mwenyewe unakumbuka ulichosahau, na kingine cha ziada ambacho hata yeye hakukijua. Alikuwa na daftari jeusi lililofungwa kwa mpira, lakini mengi hayakuwa daftarini. Yalikuwa kichwani, chini ya kitambaa.

Sasa alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu, na Mkuu wa ofisi akaanza kukosa hamu ya kula.

"Mama," alimwambia Jumatatu, "hicho kichwa chako huwezi kutuachia?"

"Nakihitaji, Mkuu. Ndicho kinachoshikilia miwani."

"Basi mimina yaliyomo kwenye kompyuta. Si kuna ile programu ya barua pepe na kalenda? Unaiandikia jambo na saa yake, halafu inakumbusha yenyewe."

"Inakwenda mpaka mlangoni kwa mtu?"

"Inalia ting."

"Ting," alisema Bi Kengele, kwa sauti ya mama aliyetajiwa jina la mkwe asiyemtaka.

Jumanne akaja fundi wa kompyuta, binti mchangamfu mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alizifungua kompyuta zote tatu, akazisasisha programu zote, kisha akamkalisha Bi Kengele darasani kwa dakika arobaini. Hapa unaandika jambo. Hapa siku, hapa saa. Kidirisha kikitokea, ukibofya Ahirisha kinaondoka kwa muda na kurudi. Ukibofya Ondoa kimekwenda moja kwa moja. Na hapa chini kuna kisanduku cha kuchagua kalenda, "Yangu" au "Ofisi Nzima". Hapo simu ya binti ikaita, kuna mahali mashine imezimika, akabeba mkoba wake akakimbia.

Bi Kengele hakuona haja ya kumuuliza zaidi. Aliona swali la kisanduku ni jepesi: wanataka kujua jambo hili ni la nani. Mtungi wa gesi, daktari wa meno na siku ya kuzaliwa ya mjukuu ni mambo yake. Mambo ya ramani ni ya ofisi. Mwenye akili timamu ataweka wapi mambo ya ofisi? Akachagua Ofisi Nzima, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kumimina kichwa.

Wewe unayejua kompyuta, usicheke bado. Ndiyo, kisanduku kile hakikuuliza jambo ni la nani. Kilikuwa kinauliza ni nani aonyeshwe. Lakini mtu aliyekuwa kumbukumbu ya watu wote kwa miaka ishirini na sita angejuaje kwamba kuna tofauti?

Na aliandika kama anavyosema. "Mpimaji akipiga simu kwamba yuko njiani, ujue ndiyo kwanza anatafuta soksi. Mwite saa moja kabla." "Mkuu akikohoa mkutanoni si kifua. Amesahau jina la mgeni. Ingia na maji, umtaje mgeni." Akaendelea hivyo mpaka alasiri, vidole viwili vikifanya kazi na vinane vikitazama. Daftari likaisha. Likabaki jambo moja ambalo halikuwahi kuandikwa daftarini wala popote.

Lilimhusu Mchoraji.

Mchoraji alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mashine. Miaka kumi na moja nyuma, katika wiki yake ya kwanza kazini, Bi Kengele alimsikia akiuliza penseli ya kijani imekwenda wapi, na penseli ya kijani anayo mkononi. Bi Kengele alifunga mlango, akaweka penseli mbili mezani, ya kijani na nyekundu.

"Hizi zina tofauti gani?"

Mchoraji alizitazama kwa muda mrefu. "Moja imechongwa zaidi."

Kisha akamsihi. Alikuwa na mtoto wa miezi minne na kodi ya nyumba. Mchoraji wa ramani asiyejua kijani na nyekundu, alisema, ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Wakijua leo, kesho yuko nje.

"Mpishi asiye na ulimi ana faida yake," alisema Bi Kengele. "Hasemi ovyo. Kaa chini, mdogo wangu."

Tangu siku ile wakawa na utaratibu wao. Penseli alizikata alama kwa kisu: ya kijani mkato mmoja, nyekundu miwili. Kwenye kompyuta Mchoraji alikariri mahali: katika safu ya visanduku vya rangi, cha tatu ni kijani, cha saba ni nyekundu. Na kila ramani kabla haijatoka, Bi Kengele alipita mezani pake na kikombe cha chai, akaitupia macho karatasi. Akikiweka kikombe kulia, ramani ni salama. Akikiweka kushoto, kuna kitu, na ataegemea hapo hapo kilipo kama mama aliyechoka. Mkuu alidhani katibu wake anampenda Mchoraji kwa chai. Mpimaji alilalamika kwamba yeye haletewi.

Kwa nini basi aliliandika? Kwa sababu wiki iliyopita alikuta funguo za nyumba ndani ya friji. Aliyeanza kusahau ni yeye, Kengele mwenyewe, na hilo hakumwambia mtu. Akisahau soksi za Mpimaji, dunia itaendelea. Akisahau hili, mtu na watoto wake watakosa kula. Kwa hiyo aliandika, kila siku ya kutoa ramani, saa nne asubuhi: "ANGALIA RANGI ZA MCHORAJI. Kwake kijani na nyekundu ni mapacha. Asijue mtu."

Kalenda: Ofisi Nzima. Hifadhi.

Jumatano ilikuwa siku ya ramani ya soko jipya. Kamati ya soko, watu saba, walikuwa waje saa nane mchana kuiona ukutani kwa projekta na kuchukua nakala. Ofisi ilikuwa na watu wanne na kompyuta tatu, maana kompyuta ya Mpimaji ni buti zake, naye siku hiyo alikuwa shambani kwa watu akivuta kamba. Ilipofika saa nne kamili, kompyuta ya Bi Kengele ikalia ting.

"Haya," alisema, akaona fahari kidogo. "Kumbe mkwe ana adabu."

Ting, ikalia chumbani kwa Mchoraji.

Ting, ikalia chumbani kwa Mkuu.

Kiti kilikwaruza sakafu. Mchoraji akatokea mlangoni, akasimama bila kusema neno, kama alivyosimamiwa yeye miaka yote.

"Dada."

"Naam."

"Kwangu kumelia."

"Kumelia nini?"

"Kumelia mimi."

Wote wawili wakageuza macho mlangoni kwa Mkuu. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Ndani, Mkuu alikuwa akivuma wimbo puani. Anayevuma wimbo hajasoma kitu. Bi Kengele akachukua chai isiyoagizwa, akaingia.

Mkuu alikuwa ameshika kipanya kama mtu anayewinda mende. "Mama, hii programu imenizoea. Kila saa kidirisha. Nami nakiahirisha."

"Umekisoma, Mkuu?"

"Nikisome ili iweje? Nikisoma itabidi nifanye."

Huo ndio ulikuwa mtindo wake tangu programu iwekwe mwaka uliopita. Kila kilichotokea alikiahirisha kwa masaa manne, bila kukitazama usoni. Pembeni mwa kioo paliandikwa: vikumbusho vilivyoahirishwa, mia mbili na kumi na nne. Kile cha Mchoraji kilikuwa kimelala miongoni mwao kama nyoka kwenye lundo la kamba.

Bi Kengele akahesabu kwa vidole nyuma ya sinia. Kuanzia saa nne, masaa manne. Saa nane kamili. Kamati itakuwa imekaa, kompyuta ya Mkuu imeunganishwa na projekta, na maneno yale yatatokea ukutani, mapana kama shuka la kitanda.

Waliingia stoo ya karatasi, wakafunga mlango.

"Mapacha, dada?" alisema Mchoraji. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kelele. "Umeniandika mapacha?"

"Ningeandika nini, majirani?"

"Na 'asijue mtu' ukampelekea kila mtu."

"Nilidhani ni kwangu. Nisamehe, mdogo wangu. Nimeona haya mpaka masikio yanawasha."

"Miaka kumi na moja sikumwambia hata mke wangu. Anadhani mimi nina ladha mbaya ya mashati tu."

Bi Kengele akampigia simu fundi wa kompyuta. "Mwanangu, nikifuta kikumbusho changu, kinafutika na kwa wengine?"

"Kinafutika, mama."

"Afadhali!"

"Ila kila mmoja anatumiwa barua pepe ya kumjulisha kwamba kimefutwa. Pamoja na maneno yake yote, ili ajue ni kipi."

Bi Kengele alifumba macho. Mkuu hasomi vikumbusho, lakini barua pepe anazisoma zote, tena kwa sauti, tena mlango ukiwa wazi.

"Hakuna njia nyingine?"

"Mwenye kompyuta abofye Ondoa kwake mwenyewe. Basi."

Njia ikawa hiyo moja. Nenosiri la Mkuu alilijua. Ndiye aliyemwandikia kila asubuhi, kwa sababu Mkuu hulisahau akiwa bado analitamka. Saa saba Mkuu hutoka kula, na hurudi baada ya dakika arobaini kamili. Walisubiri. Asubuhi ile ilikuwa ndefu kama foleni ya hospitali. Bi Kengele alijibu simu mbili akimwita kila mtu "Mkuu", na Mchoraji akamaliza ramani, akaichapisha, akaitandaza kwenye meza kubwa, bila kuinua uso.

Siku hiyo alichelewa: saa saba na dakika ishirini ndipo Mkuu aliposhuka ngazi. Saa saba na dakika ishirini na tano Bi Kengele alikuwa kwenye kiti chake. Miaka ishirini na sita alikuwa amekifuta vumbi kiti kile, hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kirefu mno. Miguu yake ikaning'inia kama ya mtoto kanisani. Mchoraji alisimama mlangoni kulinda.

Akaifungua orodha. Ikateremka, ikateremka. "Mpigie dada yako." "Mpigie dada yako." "Sahihi ya barua ya maji." "Mpigie dada yako." Huyu dada sijui kama yu hai, aliwaza Bi Kengele. Mwishoni akakiona chake, na pembeni yake neno Ondoa. Akaweka kidole.

"Acha kwanza," alisema Mchoraji.

"Niache nini? Muda unakwenda."

"Ukiondoa leo, Ijumaa ijayo kuna ramani nyingine. Utapita na chai?"

"Nitapita."

"Na baada ya miezi mitatu?"

Bi Kengele akaondoa kidole. Hilo alikuwa amelizunguka mwaka mzima kama mtu anayezunguka dimbwi.

"Nilikuwa nikihesabu siku zako za kustaafu kuliko wewe," alisema Mchoraji. "Kila mwezi ukiisha naona nimebakiza mmoja. Mficha maradhi kilio humuumbua, dada. Mimi nimebahatika, badala ya kilio nimepata ting."

"Akikufukuza?"

"Atanifukuza nikiwa nimesimama mwenyewe. Si ukuta uniseme mbele ya watu saba."

"Nani akufukuze?" ilisema sauti nyuma yake.

Mkuu alikuwa amesahau simu mezani. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita hakuna aliyemsimamia mlangoni kumkumbusha, na hiyo ilikuwa imemrudisha kutoka katikati ya mtaa. Alimtazama Mchoraji, akatazama kiti chake, akatazama miguu inayoning'inia.

"Mama. Kiti kina nini?"

"Kirefu, Mkuu," alisema Bi Kengele.

Mchoraji akavuta pumzi. "Mkuu, mimi sijui kijani na nyekundu. Siwezi kuzitofautisha. Sijawahi kuweza tangu nizaliwe. Dada ndiye anayeziangalia ramani zangu, kila moja, tangu nilipoanza kazi. Hapo alikuwa anataka kuniokoa, asilaumiwe."

Mkuu alikaa kwenye kiti cha wageni, ndani ya ofisi yake mwenyewe. Kisha akashika tai yake.

"Hii rangi gani?"

"Sijui, Mkuu."

"Mke wangu aliniambia ni ya kahawia."

"Ni zambarau, Mkuu," alisema Bi Kengele. "Nilidhani unajua."

"Zambarau!" Mkuu aliiachia tai kama imemuuma. Halafu mzaha ukamwishia, na uso ukabaki wa mtu aliyeumizwa. "Miaka kumi na moja mnanizunguka. Mimi ni bosi humu au ni kabati? Ungeniambia, ningekula nyama yako?"

"Wiki ya kwanza, ungenirudisha nyumbani."

Mkuu alilifikiria hilo kwa uaminifu. "Wiki ya kwanza, ndiyo," alikiri. "Ramani ngapi zimetoka hapa na kosa la rangi?"

"Hakuna."

"Kwa sababu mama hupitisha macho."

"Ndiyo."

"Na ya leo ameipitisha?"

Mchoraji akamtazama Bi Kengele. Bi Kengele akaweka mkono mdomoni. Asubuhi nzima walihangaika na kikumbusho, na jambo lenyewe kilichokuwa kikikumbusha hakuna aliyelifanya.

Alishuka kitini kwa kuruka.

Ramani ilikuwa imelala kwenye meza kubwa, safi, yenye mistari iliyonyooka kama mkeka mpya. Katikati ya soko, mahali pa miti na mabenchi ya kupumzikia, palikuwa pekundu. Kulingana na ufunguo wa ramani, rangi nyekundu maana yake: hatari, umeme. Na transfoma kule pembeni ilikuwa ya kijani kibichi cha kupendeza, rangi ya mapumziko.

"Umewakalisha watu kwenye transfoma," alisema Bi Kengele.

"Haiwezekani! Nimetumia cha tatu na cha saba, kama siku zote."

Bi Kengele akakimbilia kioo cha Mchoraji. Fundi wa kompyuta, siku ile ya Jumanne alipozisasisha programu zote, alikuwa ameisasisha na hii ya kuchorea. Visanduku vya rangi vilikuwa vimehama. Cha tatu sasa kilikuwa nyekundu, na kijani kilikuwa kimehamia safu ya chini, kikawa cha saba, bila kuaga.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi na nne. Karatasi kubwa ile mashine huitoa kwa dakika tisa, ikiwa imeamka vizuri. Na kwenye ngazi walisikia viatu. Kamati za aina ile huwahi zinapoweza kumkuta mtu hajajiandaa.

"Nitawazuia," alisema Mkuu, akainuka, akaifunga vizuri tai yake ya zambarau. "Naweza kusema robo saa bila kusema kitu. Ndiyo kazi niliyosomea."

Akatoka. Bi Kengele akavuta kiti karibu na Mchoraji, mabega yakagusana.

"Safu ya chini. Cha pili kutoka kushoto. Hapana, hicho damu. Hicho majani. Bofya."

"Hiki?"

"Hicho. Mwaga kwenye mabenchi. Vizuri. Sasa transfoma, cha tatu, juu."

"Unanisukuma, dada."

"Ni kiti chako, kibovu. Endelea."

Kutoka sebuleni walisikia sauti ya Mkuu ikiwakaribisha wageni kwa maneno marefu, ikafika mahali, ikakwama. Ikakohoa. Ikakohoa tena, kwa nguvu zaidi, ikielekezwa waziwazi upande wao.

"Amemsahau mwenyekiti," alisema Bi Kengele. Alinyakua bilauri ya maji, akatoka mbio, Mchoraji akamsikia akimsalimu mwenyekiti wa kamati kwa jina lake, la mumewe na la mjukuu wake aliyefunga shule juzi, kisha akarudi akihema. "Umebofya chapa?"

"Inachapa."

Wakaitazama mashine ikiitema karatasi, sentimita kwa sentimita, kama bibi anayetoa pesa za mwisho kwenye kitambaa. Ikatoka. Bi Kengele alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaipitia ramani yote kwa kidole kutoka kona hadi kona. Safari hii hakuwa na kikombe.

"Ni salama," alisema.

Saa nane kamili kamati ilikuwa imekaa, mapazia yamefungwa, ramani iking'aa ukutani. Mchoraji alisimama mbele na fimbo ya kuonyeshea. Alikuwa ndiyo kwanza amesema "Hapa ndipo lango kuu," wakati ilipolia.

Ting.

Katika mbio zile hakuna aliyekumbuka kurudi kubofya Ondoa. Kidirisha kilijifungua katikati ya soko, juu ya wauza samaki, kwa herufi kubwa. Watu saba wakasoma. Mmoja alisoma kwa midomo, polepole, na chumba kizima kikamsubiri afike kwenye "asijue mtu".

Mkuu alianza kukohoa. Bi Kengele, nyuma kabisa karibu na mlango, alishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili, kana kwamba bado kuna kitu cha kuzuia kisitoke.

Mchoraji akageuka, akakisoma kikumbusho chote kwa sauti, kama sehemu ya maelezo.

"Mchoraji ni mimi," alisema. "Kijani na nyekundu macho yangu hayatofautishi. Kwa hiyo ramani zangu lazima ziangaliwe na mtu wa pili. Hii imeangaliwa sasa hivi, na kosa lilikuwepo, tumelisahihisha ninyi mkiwa hapo sebuleni. Aliyeangalia ni yule mama pale mlangoni."

Shingo saba ziligeuka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye kibanda cha nyanya mwaka wa thelathini.

"Mimi baba," alimwambia Mchoraji, "kijani na nyekundu ndiyo maisha yangu. Nikikosea hapo nalala na mali." Akamgeukia Bi Kengele. "Wewe mwenzangu, umeiangalia kweli, au unamtetea kijana wako?"

"Vyote viwili," alisema Bi Kengele. "Lakini nilianza kuangalia."

Mwenyekiti akainuka, akaenda mpaka ukutani, akainamisha uso karibu na mabenchi, karibu na transfoma, kila mahali, akichukua muda wake kama anayechagua nyanya za mwenzake. Kivuli chake kilifunika nusu ya soko. Mchoraji alisimama wima, fimbo mkononi.

"Haina doa," alisema mwenyekiti, akarudi kukaa. "Endelea. Na hicho kikaratasi kilicho katikati kitoe, kimewafunika wauza samaki, nao ni wagomvi."

"Kiahirishe!" alisema Mkuu kwa mazoea, na chumba kizima kikacheka, Mkuu naye akachelewa kidogo kujua kwa nini.

Kamati ilipoondoka na nakala yake, Mkuu aliwaita wawili hao. Hakuwakalisha. Alisema alikuwa bado amekasirika, na angependa waheshimu hasira hiyo mpaka Ijumaa. Alisema kuanzia leo kila ramani, ya Mchoraji au ya nani, itakuwa na mstari wa sahihi ya aliyehakiki, na haitoki bila huo. Kwa miezi mitatu sahihi itakuwa ya mama. Baadaye atafundishwa Mpimaji.

"Mpimaji!" walisema wote wawili.

"Ana macho ya mwewe."

"Mwewe huamka mapema, Mkuu," alisema Bi Kengele.

"Basi utakuwa na miezi mitatu ya kumwamsha. Haya, tokeni." Na walipofika mlangoni, akaongeza bila kuinua uso: "Mama. Huyo dada yangu. Nimpigie saa hizi atakuwepo?"

"Yupo, anakungoja tangu mwaka jana."

Saa kumi na moja walitoka pamoja, Bi Kengele na Mchoraji, kwa kuwa njia yao ni moja mpaka njia panda. Mchoraji alikuwa bado hajamsamehe kabisa. Ilionekana kwa jinsi alivyombebea mkoba akitangulia hatua mbili. Walipita duka la vioo, wakapita kinyozi. Mbele ya ghala lenye milango ya chuma, akasimama.

"Dada, huu mlango rangi gani?"

Bi Kengele alimtazama. Miaka kumi na moja alikuwa amemwambia rangi kwa vikombe vya chai, na hakuwahi kusikia swali hilo likiulizwa barabarani, kwa sauti ya kawaida, watu wakipita.

"Kijani," alisema. "Cha zamani. Kimechujuka na jua."

"Na shati la yule kinyozi?"

"Jekundu. Halimpendezi."

"Na hili langu?"

"Mkeo yuko sahihi, mdogo wangu."

Mchoraji akacheka, kwa mara ya kwanza tangu saa nne. Kisha akawa kama mtoto aliyefunguliwa lango. Lile paa? Lile tangazo? Baiskeli ya yule mzee? Mapazia ya ghorofani? Bi Kengele alijibu kila moja, miguu ikimuuma, akikosa muda hata wa kuchoka. Njia panda wakaipita wasiione. Karibu na mfereji, ukutani kwa nyumba mpya ambayo mwenyewe bila shaka alichanganya makopo matatu ya rangi yaliyobaki, Mchoraji akanyoosha kidole tena.

"Na ile?"

Bi Kengele alivua miwani. Akaivaa. Akarudi hatua mbili nyuma, akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto.

"Hiyo hata mimi siijui," alisema. "Njoo tugonge, tuwaulize wenyewe."